Pijo Iliyopakwa Nta

Kwanza niseme wazi. Sikuiba gari la mtu, sikutia nyuki kwenye gari la mtu, na kanzu ya Bwana Hilali ilibaki nyeupe pee kutoka Kasulu mpaka Kibondo. Hayo mengine mnayoyasikia sokoni ni maneno ya watu waliokosa shughuli. Aliyekuwemo garini ni mimi, uso uliovimba ulikuwa wangu, kwa hiyo nadhani nina haki ya kusimulia kuliko wauza dagaa.

Naitwa Kipriani, fundi cherehani. Mwaka ule wa sabini na tano cherehani yangu ilikuwa barazani kwa Bwana Hilali, mwenye duka la vitambaa Kasulu mjini. Yeye aliuza kitambaa, mimi nikakishona, na kila jioni tuligombana kwa sababu ya vipande nilivyoacha sakafuni pake. Alikuwa mtu wa pwani kwa asili, baba yake alitoka Bagamoyo, na hilo hakumwacha mtu alisahau. Kitu alichokipenda kuliko duka ni Pijo 404 nyeupe, aliyoinunua kwa Mzungu mmoja mjenzi wa barabara aliyekuwa anarudi kwao. Siku hizo magari madogo ya watu binafsi mjini kwetu hayakumaliza vidole vya mkono mmoja, na la kwake ndilo lililotembea.

Mimi nilikuwa namtaka Esteri. Sisemi nilikuwa nampenda, maana hilo kila mtu anaweza kulisema. Nasema nilikuwa siwezi tena kushona shati likakaa sawa kwa kumfikiria yeye. Nilimshonea karani wa mahakama suruali yenye mguu mmoja mfupi, na aliporudi kulalamika nikamwambia atembee vizuri. Hali yangu ilikuwa mbaya.

Esteri aliishi Kibondo kwa baba yake, Mzee Tharsisi. Mahari nilikwisha toa, matangazo ya ndoa yalikwisha somwa kanisani Jumapili tatu, misa ilipangwa Jumamosi saa saba mchana kulekule Kibondo, kisha tuje Kasulu kula pilau na ndugu zangu. Kilichobaki ni usafiri, na hapo ndipo Mzee Tharsisi alipokaza shingo. Binti yake mkubwa aliolewa Kitanga, na siku ya harusi aliondoka juu ya lori la tumbaku, amekaa kwenye marobota. Mvua ikawanyeshea njiani. Alifika ukweni gauni limegeuka rangi, anapiga chafya mfululizo, na mpaka leo huko Kitanga wanamwita Mama Tumbaku. Mzee jambo lile lilimkaa kooni. Akasema mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba Esteri hapandi lori. Atatoka pale uani kwenye gari dogo, safi nje na ndani, linalong'aa mpaka yeye Tharsisi auone uso wake mlangoni. Gari liwepo saa sita. Lisipokuwepo, au likija chafu, misa hakuna na mbuzi zangu nitarudishiwa.

Naye hakuwa mtu wa kusema halafu akabadili. Zamani alikuwa na mizinga ya nyuki zaidi ya mia, porini kuelekea Moyowosi. Ilipokuja operesheni ya vijiji wakahamishiwa kando ya barabara, mizinga ikabaki huko, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Akachonga mipya mitano akaitundika kuzunguka nyumba mpya. Miaka mitatu ikapita, hakuja hata nyuki mmoja kupiga hodi. Kila asubuhi alizunguka akiigonga kwa kidole na kuitegea sikio, halafu alirudi kukaa kizingitini na kusema nyuki hawatarudi tena maishani mwake. Ukimkuta mtu mzima anagonga gogo tupu namna ile, huna hamu ya kucheka.

Siku ya kujitambulisha alinipa zawadi. Lilikuwa bonge la nta, kubwa kama kichwa cha mtoto, limefungwa kwenye jani la mgomba. Ilikuwa ya mavuno ya mwisho ya kule porini. Sisi mafundi hupitisha uzi kwenye nta ili usikatike, hasa kwenye vifungo na kitambaa kizito, na mzee alilijua hilo. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Ya uzi wako, fundi," akasema.

Lile bonge lingetosha kushonea vifungo Tanzania nzima.

Basi nikaenda kumwomba Bwana Hilali gari. Alicheka mpaka akashika meza. Alipomaliza kucheka akaniangalia, akaona sicheki, akanihurumia, lakini huruma ya mwenye duka haikosi masharti. Gari ataliendesha mwenyewe, maana hamwamini mtu na gia zake. Na kulisafisha nitalisafisha mimi, nyumbani kwangu, nje na ndani. Ijumaa akitoka msikitini atapita kwangu na kanzu yake ya sala, atakaa kila kiti, atajisugua huku na huku. Kanzu ikipata doa, hata la ukubwa wa punje ya uwele, Esteri nitamfuata kwa baiskeli.

Gari lililetwa uani kwangu Jumanne. Jamani. Kwa mbali ilikuwa Pijo, kwa karibu ilikuwa soko la Ujiji. Bwana Hilali alibebea dagaa humo, alibebea madebe ya mawese, na kuku. Viti nikavifungua vyote nikavitoa nje. Chini yake nilikuta vichwa vya dagaa visivyo na idadi, yai bovu, tasbihi, na ndara moja ya ngozi ambayo Bwana Hilali alikuwa amemfukuzia kazi mpishi kwa kumsingizia kuiba. Ndara nikaiweka pembeni, kwa ajili ya siku nitakapohitaji kumnyamazisha.

Nilibeba maji mwenyewe kutoka mtoni ndoo baada ya ndoo. Nikaosha kwa sabuni ya mawese, nikasuuza, nikaosha tena. Bampa na vifuniko vya magurudumu nikavisugua kwa majivu na limau mpaka nikajiona meno. Vioo nikavifuta kwa gazeti la zamani. Viti vilivyochanika nikavishona kwa sindano iliyopinda, uzi nimeupitisha kwenye nta mara mbili, mishono ile ipo mpaka leo. Ila harufu ya dagaa ilikataa kutoka. Nikakata mchaichai mwingi nyuma ya nyumba, nikaufunga mafungu mafungu nikausukuma chini ya viti na kwenye buti, na ukiingia ukadhani umeingia kwenye birika la chai.

Rangi sasa. Rangi ilikuwa imechoka, imefifia kama ukuta wa chokaa, ukiigusa inabaki kwenye kidole. Polishi ya kopo dukani hakuna, Kigoma hakuna, kila niliyemuuliza alinishangaa. Hapo ndipo nikakumbuka bonge la baba mkwe. Nta huufanya uzi ung'ae, kwa nini isifanye hivyo kwa bati? Nikaiyeyusha kwenye sufuria na mafuta ya taa kidogo, nikaipaka kwa kipande cha flana. Kisha, na hili sijamwona mtu mwingine akilifanya, nikachukua pasi yangu ya mkaa nikawa naipitisha juu juu, bila kugusa, nta iingie kwenye rangi. Nikamalizia kwa flana kavu. Flana, siyo amerikani, maana amerikani inakwaruza. Nilipomaliza mlango wa kwanza nikasimama nikajitazama, nikatengeneza nywele. Machozi yalinitoka, siwadanganyi.

Kosa langu ni kwamba shughuli ikinikolea sijui kuacha. Nikapaka boneti, paa, milango yote. Nta ilikuwa bado nyingi, na nta ya mkwe hutupi. Nikapaka dashibodi. Nikapaka viti. Nikapaka milango kwa ndani. Iliyobaki, ile nzito ya chini ya sufuria, nikaipaka ndani ya buti, chini ya mfuniko, pale rangi ilipokuwa imetoka kabisa, nikaikandamiza kwa kidole gumba tabaka juu ya tabaka. Nyuma kulia, palipokuwa na taa iliyovunjika, palikuwa na tundu la kuingia vidole viwili. Nikaliacha, nikasema hewa ipite.

Alhamisi nilifungua vioo kidogo viti vikauke. Mchana nikaona nyuki watatu, wanne, wanaingia kwenye lile tundu la taa na kutoka, wanazunguka gari taratibu kama wapima ardhi. Jirani yangu alikuwa Maximilla, mama mjane aliyekimbia kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, mtu wa maneno machache. Akasimama na jembe lake begani akawatazama sana, kisha akaniambia hao wanatafuta nyumba. Nikamjibu kwa dharau kwamba hao wanajiangalia kwenye rangi. Akanitazama na mimi vilevile alivyowatazama nyuki, akaenda zake shambani.

Ijumaa Bwana Hilali akaja. Kanzu ilikuwa nyeupe mpaka inaumiza macho. Akazunguka gari lote. Akaingia, akakaa kiti cha mbele, akajisugua. Akahamia nyuma, akajisugua, na kwa kuwa viti vilikuwa na nta aliteleza mpaka mlango wa pili. Akatoka, akanigeuzia mgongo nimkague, kisha akajikunja akajikagua mwenyewe. Hakuna doa. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino, kwamba kesho alfajiri baada ya sala tunaondoka.

Nilipakia vitu saa ileile. Gauni la Esteri, nililolishona kwa miezi miwili, likaingia kwenye boksi, boksi likaingia kwenye buti. Shela nikailaza kiti cha nyuma isije ikapata mikunjo. Halafu, kwa kuogopa vumbi, nikalivisha gari koti la amerikani nililoshona maalumu, likalifunika lote mpaka kwenye matairi, likaacha wazi kipande kidogo nyuma kulia kwa sababu kitambaa hakikutosha. Nikaenda kwa kinyozi, nikapitia na kuichukua suti yangu nyeusi kwa dobi. Yaliyotokea nyuma yangu sikuyaona. Maximilla aliyaona kutoka shambani kwake, wingu linalovuma likipita juu ya migomba kuelekea kwangu, na alikuja kuniambia wiki moja baadaye. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ileile. Akasema alidhani wamekwenda kujiangalia.

Asubuhi nilipolivua gari koti lake kulikuwa na baridi, na gari lilikuwa kimya. Tukaondoka, Bwana Hilali kwenye usukani na kanzu yake, mimi pembeni na suti yangu. Septemba barabara ile ni vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Tulikuwa hatujafika mbali akaanza kukunja uso, anasema difu inavuma. Nikamwambia difu haivumi hivyo. Akaniuliza mimi fundi wa nini. Ule mvumo uliendelea kukua, na kila tukiruka shimo ulipanda sauti kama mtu aliyetukanwa. Tukabishana difu na gia kwa saa nzima.

Makere akasimama, akazima injini.

Gari likaendelea kuvuma.

Tukatazamana. Bwana Hilali akautoa ufunguo kabisa akaushika mkononi, akautazama, kisha akalitazama gari. Midomo yake ilianza kusoma kitu. Mimi nikashuka nikafungua boneti, humo kimya. Nikaenda nyuma, nikafungua buti.

Nyuki walikuwa wananing'inia chini ya mfuniko, pale nilipokandamiza nta kwa kidole gumba, wameshikana shada zima la rangi ya kahawia, zito kama furushi la nguo za dobi, linapumua. Boksi la gauni lilikuwa chini yao. Nikafunga haraka, lakini siyo haraka ya kutosha. Mmoja alinichoma jicho la kulia, mmoja mdomo wa juu, mmoja sikio, na mmoja mahali ambapo hapawahusu. Bwana Hilali alisimama hatua mbili kutoka kwangu na hakuna aliyemgusa. Alisema ni kwa sababu ya udhu. Baadaye nilielezwa kwamba nyuki huchukia kitu cheusi, na mimi nilivaa suti.

Watu wa Makere walijaa. Mmoja akaja na kinga cha moto ili tuwafukize. Bwana Hilali akamzuia kwa mwili wake, maana gari zima lilikuwa limepakwa nta na mafuta ya taa, na akaanza kuniuliza kama nilimtengenezea gari au mshumaa. Kisha akasema tunarudi Kasulu. Alikwisha ingia na kuwasha.

Hapo akili ilinirudi. Ninayemjua anayeweza kutoa nyuki bila moto alikuwa mmoja tu duniani, na ndiye yuleyule aliyekuwa amesimama uani kwake anasubiri gari safi. Nikashika mlango. Nilitaka kusema maneno mengi lakini mdomo ulikuwa umeshajaa.

"Bwana Hilali," nikasema, "ukigeuza gari hili, Esteri sina tena."

Alinitazama usoni. Jicho langu la kulia lilikuwa limefunga, la kushoto lilikuwa linalia. Akatoa matusi ya pwani, marefu na ya adabu, ambayo huku bara hatuyajui yote.

"Panda," akasema.

Kutoka hapo tulikwenda polepole. Nyuki walikuwa wamepata upenyo nyuma ya kiti cha nyuma, wakawa wanakuja mmoja mmoja kututembelea. Nikaivuta shela nikajifunika kichwa. Nikamwonyesha Bwana Hilali kwamba inatosha watu wawili. Akakataa, akasema mtu wa heshima zake, mwenye wajukuu, hawezi kuvaa shela ya bibi harusi, tena wa Kikristo. Maili mbili mbele nyuki mmoja akamtembea shingoni, taratibu, kutoka sikio hili mpaka sikio lile. Alisogea tu upande wangu, nikamfunika.

Na vumbi sasa. Jua lilipopanda, ile nta niliyodhani imeingia kwenye rangi ikalainika tena, na kila punje ya vumbi iliyotugusa ikakaa na kuweka makazi. Gari likawa jekundu, kisha likawa jekundu nene. Nilitoa kidole nikajaribu kufuta mlango, kikatoka na tope. Siku nne za maji na majivu na flana zikaishia pale mbele ya jicho langu moja. Nilijisikia vibaya kiasi kwamba nyuki akanitua mkononi nikamwacha.

Tuliingia uani kwa Mzee Tharsisi saa sita kasoro robo. Akina mama walikuwa wamejipanga na vigelegele vyao tayari, wakavipiga, vikaanza vizuri. Halafu wakaona tofali linalotembea, na ndani yake wanaume wawili chini ya shela moja, mmoja ana ndevu. Vigelegele vikaisha kimoja kimoja. Esteri alikuwa dirishani. Nilimwona kwa jicho la kushoto, naye aliniona, akaweka mkono mdomoni, na sikujua kama analia au anacheka.

Mzee Tharsisi alitoka amevaa koti lake la harusi, limefungwa vifungo vyote. Akatembea mpaka kwenye gari. Nilishuka nikasimama mbele yake na uso wangu uliovimba. Nilijua mbuzi zangu zinarudi. Alinyoosha kidole kwenye mlango, akakiangalia kile chekundu kilichobaki kidoleni, na uso wake ukaanza kujikunja.

Kisha akaacha. Akainua kichwa, akanusa. Akanusa kidole. Akazunguka nyuma ya gari kwa hatua za mtu anayeingia kanisani, akainama, akaweka sikio kwenye buti. Akakaa hivyo muda mrefu sana.

"Hii nta yangu?" akaniuliza bila kuinuka.

Nikaitikia kwa kichwa. Akauliza kama niliipaka na ndani. Na ndani. Akauliza kama lile tundu la nyuma nililitoboa mimi. Lilikuwepo, nikasema, nililiacha tu. Akafumba macho, akanusa tena, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Na mchaichai?"

"Chini ya viti, baba. Na humo kwenye buti."

Akaanza kucheka. Alikaa chini vumbini na koti lake akacheka mpaka akina mama wakaogopa. Alipopata pumzi aliwaeleza watu wote kwamba mfugaji akitaka nyuki huchukua mzinga mtupu, akaupaka nta kwa ndani, akasugua mchaichai, akaacha tundu dogo, akauweka juani na kusubiri. Yeye miaka mitatu alisubiri bila kupaka nta, kwa kulihifadhi bonge la mwisho, kisha akampa fundi. Na fundi huyu, akasema akininyooshea kidole, ametengeneza mzinga wenye magurudumu manne na kuuendesha mpaka mlangoni kwake.

Alivua koti. Aliufungua mfuniko wa buti kama mtu anayefunua mtoto aliyelala, akaingiza mikono mitupu, huku akiwasemesha kwa Kiha maneno ambayo Esteri aliniambia baadaye kwamba mzee hakuwahi kumwambia hata mkewe. Walimwagika mikononi mwake mpaka kwenye viwiko, na hakuna aliyemchoma. Akawatia kwenye mmoja wa mizinga yake mitano. Boksi la gauni likatoka salama, linanukia asali.

Aliporudi, akapita kwenye mlango wa mbele wa gari. Akashika pindo la shati lake, akafuta mara tatu kwa nguvu. Chini ya tope lile lote, ile nta na ile pasi ya mkaa zilikuwa zimefanya kazi yake. Palikuwa paking'aa ukubwa wa sahani. Akainama akajitazama, kisha akageuka kunitazama mimi.

"Uso wangu nimeuona," akasema. "Wako ndio sijui umeuacha wapi."

Misa ilikuwepo. Tulikwenda kanisani kwa miguu, kwa sababu mzinga mzee aliuweka juu ya buti la Pijo, tundu kwa tundu, ili waliokuwa wametoka kuruka wakirudi wakute wenzao palepale walipowaacha. Gari halikuruhusiwa kusogezwa hata shubiri mpaka giza liingie na wa mwisho awe ndani. Bwana Hilali alipiga kelele, akaulizwa kama anataka yeye ndiye akawaambie nyuki wahame. Akapewa kiti, kivuli na bakuli la asali ya akiba. Jioni hakupenda kuendesha porini, Jumapili nayo mchana magari ya watu binafsi yalikuwa marufuku barabarani, ikabidi alale hapo mpaka Jumatatu. Nasikia walibishana na baba mkwe siku mbili nzima juu ya asali ya Kibondo na tende za pwani, na hakuna aliyeshindwa. Ndara yake nilimrudishia wiki ile ile, na mpishi alirudi kazini.

Padre aliponiuliza kama nimekubali, mdomo wangu ulitoa kitu kisichokuwa neno. Aliuliza mara ya pili. Esteri akajibu kwa niaba yangu, akamwambia amekubali padre, tuendelee, na kanisa likacheka.

Tatizo lilikuja baada ya hapo. Kasulu pilau lilikuwa linaiva, ndugu wote wanasubiri, na gari limegeuka nguzo ya mzinga. Tulisimama kando ya barabara na sanduku letu. Kitu pekee kilichokuwa kinaelekea Kasulu siku ile kilikuja kwa kishindo na moshi, nacho kilikuwa lori la tumbaku.

Hakuna aliyethubutu kumtazama Mzee Tharsisi. Yeye ndiye aliyelisimamisha. Yeye ndiye aliyembembeleza dereva, na yeye ndiye aliyempandisha mwanawe juu ya marobota, akimkusanyia gauni kwa mikono ileile iliyokuwa imetoka kuwashika nyuki. Esteri alikuwa analia na kucheka pamoja, na mimi nilikuwa namwona nusu tu, na nusu ile ilinitosha. Mzee akashika ukingo wa lori.

"Nilisema hutapanda lori," akamwambia. "Nilisema na nyuki hawatarudi. Nisamehe mwanangu, yote mawili nimekosea."

Lori likaondoka. Esteri akainuka kwenye marobota kumpungia baba yake, akapunga, akapunga, kisha akauteremsha mkono.

Mzee hakuwa anatuangalia. Alikuwa ameshageuka, koti la harusi limekunjwa kwapani, anakimbia kurudi nyumbani, aende kuugonga ule mzinga kwa kidole.